Kihispania chabaki lugha ya wenye nacho

WANAFUNZI wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) walipoingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, kila mmoja alitakiwa kuwa na masomo matatu ya kuchagua. Aliyependa lugha za kigeni aliwekewa mezani Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kimandarini. Kihispania hakikuwamo.

Kwa mkazi wa Nanyuki, hilo si jambo la kupuuzwa. Mji huu uliopitiwa na mstari wa ikweta hutegemea wageni kwa kiasi kikubwa. Wapo wanaopanda Mlima Kenya kupitia malango ya Sirimon na Naro Moru, na wapo wanaozuru hifadhi ya Ol Pejeta kutazama vifaru. Miongoni mwao wamo Wahispania na raia wa Amerika ya Kusini, ambao mara nyingi huhitaji mwelekezi anayeijua lugha yao. Vijana waliozaliwa chini ya mlima huo wanaujua kila mkondo wa maji, lakini kazi hiyo ni rahisi kumwendea mgeni kutoka Nairobi aliyebahatika kusoma lugha.

Si kwamba Kihispania hakifundishwi nchini. Shule za kibinafsi zinazofuata mitaala ya kimataifa hukitoa hadi kiwango cha juu. Katika mtihani wa Cambridge wa kiwango hicho, mtahiniwa hupimwa lugha pamoja na fasihi. Anayefaulu anaweza kujiunga na chuo kikuu ng'ambo, au kuanza safari ya kuwa mfasiri au mkalimani. Karo ya shule hizo, hata hivyo, haimo ndani ya uwezo wa mkulima wa viazi wa Kieni au mwuza mboga wa soko la Nanyuki.

Ikumbukwe kwamba shule za umma nazo ziliwahi kuwa na kiwango cha juu. Kidato cha Tano na cha Sita vilifutwa kwa kuja kwa mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na mtihani wa mwisho wa KACE ukafanywa 1989. Tangu hapo, mwanafunzi wa shule ya umma amekuwa akimaliza masomo ya upili akiwa na miaka minne tu ya lugha ya kigeni, iwapo shule yake ilibahatika kuwa na mwalimu.

Gharama ya pengo hili tumeshaiona. Mnamo 2018, serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwasambaza katika kaunti mbalimbali. Mwaka huo huo, madaktari 50 Wakenya walipelekwa Cuba kwa masomo ya utaalamu, na iliwabidi kwanza wakabiliane na lugha. Mkataba huo ulisitishwa 2023. Wakati wote huo, hapakuwa na mpango wa kuwafunza vijana wetu lugha hiyo ili watumike kama wakalimani hospitalini.

Swali ni kwa nini Kihispania kikaachwa nje, ilhali ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, wenye makao Gigiri, Nairobi. Jibu moja ni kwamba lugha huenea pale zinapopata mfadhili. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Institut, na China ilifungua Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 2005. Uhispania ilichelewa: Taasisi ya Cervantes ilifungua kituo chake cha Dakar, Senegal, mwaka wa 2021 tu.

Wapo watakaosema kuwa mtoto asiyemudu Kiswahili sanifu hana haja ya lugha ya tano. Hoja hiyo ina uzito. Uzito mkubwa zaidi umo katika uhaba wa walimu: somo linaweza kuandikwa katika mtaala na lisipate wa kulifundisha, kama Kifaransa na Kijerumani kinavyokosekana katika shule nyingi za kutwa. Kuongeza jina la Kihispania katika orodha ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) bila kuandaa walimu kutakuwa kuwahadaa wazazi.

Lakini ipo njia isiyohitaji kusubiri Nairobi. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vyuo vya mafunzo anuwai. Laikipia, Nyeri na Meru, zinazogawana watalii wa mlima huu, zinaweza kushirikiana kuajiri walimu wachache wa Kihispania, kuanzisha masomo ya jioni na ya likizo kwa waelekezi, wahudumu wa hoteli na wanafunzi wa Gredi ya 10, kisha kuwaombea nafasi katika mitihani ya kimataifa walio tayari. Ubalozi wa Uhispania nao uombwe vitabu na mafunzo ya walimu.

Mpango kama huo hautafikisha kila mwanafunzi katika kiwango cha juu. Utawapa wale wenye kipawa hatua ya kwanza, na utaipa KICD ushahidi wa kuamua kama somo hilo linastahili kuingizwa katika mtaala. Vinginevyo, watoto wa Nanyuki wataendelea kubeba mizigo ya wageni huku wengine wakilipwa kuzungumza nao.