Akiba ya Sauti: Mtafiti wa Kiswahili na Seva Ndogo ya Nyumbani

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mtafiti wa fasihi simulizi anayetembea na kinasa sauti ana sababu ya kuishuku methali hii, kwani akiba yake huoza, tena ghafla. Kipakatalishi huibwa, diski hufa bila kuaga, simu huanguka majini. Mwanafunzi aliyekaa nyanjani miezi mitatu akikusanya ngano, vitendawili na nyimbo za harusi hujikuta ana tasnifu isiyo na ushahidi. Baya zaidi ni kwamba baadhi ya wazee waliohojiwa huwa wamekwisha kufariki dunia, na maneno yao hayawezi kurekodiwa mara ya pili.

Aghalabu jibu linalotolewa ni kwamba faili zihifadhiwe katika akaunti ya chuo kwenye intaneti. Jibu hilo lina upungufu. Mnamo Februari 2021, Google ilitangaza kukomesha hifadhi isiyo na kikomo iliyokuwa ikiwapa vyuo bila malipo. Kuanzia Julai 2022, kiwango cha msingi kikawa terabaiti 100 za kugawana taasisi nzima, walimu kwa wanafunzi. Hapana aliyedhulumiwa, kwa maana hifadhi ya bure ni hisani, na mwenye hisani ndiye mwenye kuipima. Hata hivyo, mali ya jamii haifai kuegemezwa kwenye hisani pekee.

Njia iliyo karibu zaidi ni seva ndogo ya nyumbani. Jina hili huwatisha wengi wakadhani ni mtambo wa kujaza chumba. Kwa hakika, seva ni tarakilishi yoyote inayoachwa ikifanya kazi usiku na mchana, ikitunza faili na kuzitoa kwa vifaa vingine vinavyozihitaji. Mzigo wenyewe si mkubwa. Saa moja ya sauti yenye ubora wa CD, isiyobanwa, huchukua takriban megabaiti 635. Kwa hiyo diski ya terabaiti 1 humeza zaidi ya saa 1,500, kiasi ambacho watafiti wengi hawakifikii maishani.

Kosa linalotendeka madukani ni kununua kasi. Kazi ya kutunza faili haihitaji prosesa kali. Mnunuzi mwenye busara huuliza maswali matatu: mashine ina nafasi ngapi za diski? Je, kumbukumbu yake inaweza kuongezwa? Inakula umeme kiasi gani? Swali la tatu ndilo husahaulika, ilhali kila wati 1 inayotumika bila kukoma hugharimu karibu yuniti 9 za umeme kwa mwaka. Tarakilishi kuukuu ya wati 80 itakula yuniti 700 hivi. Ndogo ya wati 15 itakula 131 tu. Kilichopatikana kwa bei rahisi dukani huja kulipiwa polepole kwenye mita.

Historia fupi ya mashine hizi inafunza mengi. Mwaka 2010 HP ilitoa ProLiant MicroServer, kijisanduku chenye nafasi 4 za diski. Prosesa yake ilikuwa dhaifu, tena imechomelewa kwenye bao lake, lakini watu waliipenda kwa kuwa diski na kumbukumbu ziliweza kuongezwa kadiri mfuko ulivyoruhusu. Toleo la Gen8 la mwaka 2013 lilikuja na prosesa inayong'oleka, na wamiliki wengi wakaiondoa na kutia yenye nguvu zaidi. Kwa upande mwingine, Raspberry Pi ilizinduliwa mwaka 2012 kwa dola 35, bei iliyowafurahisha wengi. Ni chombo kizuri cha kujifunzia, na hula umeme kidogo mno. Ila kumbukumbu yake haiongezeki: aliyeinunua na gigabaiti 1 atazeeka nayo.

Kwa mwanafunzi wa Kenya, chaguo la wastani ni tarakilishi ndogo ya ofisini iliyotumika, mfano wa ThinkCentre Tiny ya Lenovo au OptiPlex Micro ya Dell. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida mnamo Oktoba 2025, na mashine nyingi za aina hii haziruhusiwi rasmi kupokea Windows 11. Ofisi zinaziona kuwa zimepitwa na wakati. Kwa seva inayotumia programu huru ya Debian, bado zina miaka mingi ya utumishi.

Baada ya kununua, utaratibu wa kuongeza una umuhimu wake. Kwanza itafutwe diski ya pili, ili ya kwanza ikifa nyingine ishike zamu. Pili, iwepo nakala inayokaa nje ya nyumba hiyo. Diski mbili zinazoakisiana humwokoa mtu na kifo cha diski moja. Hazimwokoi akifuta faili kwa bahati mbaya, wala mwizi akibeba seva nzima. Tatu ni betri ya akiba, kwa sababu umeme unaokatika ghafla huweza kuharibu faili zinazoandikwa. Kumbukumbu ifuate. Prosesa ije mwisho, ikiwa itahitajika kabisa.

Yupo atakayedai kuwa hayo ni mambo ya wanafunzi wa uhandisi. Dai hilo lingekuwa na mashiko iwapo wahandisi ndio wangeulizwa ziliko sauti za manju na magwiji wa lugha. Anayeulizwa ni mwana-Kiswahili. Msimamizi anayedai tasnifu iliyofungwa jalada gumu anapaswa pia kudai kuonyeshwa nakala mbili za rekodi, zilizo mahali pawili tofauti, kabla ya kutia sahihi yake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe sharti kiwe kimetafutwa kabla mtafiti hajafunga safari ya nyanjani.