Vanishi Haifichi Kazi ya Zana Butu



Inapofika misimu ya harusi hapa kwetu Nyakato, Musoma, karakana za useremala hujaa vitanda, makabati na meza zinazong'aa. Mzazi anayemwandalia binti yake vyombo vya ndani hupita, hutazama, hupitisha kiganja juu ya mbao, kisha huuliza bei. Wengi wetu huishia kwenye mng'ao. Juma hili tunaziomba familia zitazame kilichoutangulia mng'ao huo, yaani makali ya zana iliyoikata mbao. Kisha zijue pia ni kitu gani kilichopakwa juu yake, kwani watoto wetu watakigusa kila siku, na walio wachanga watakitia mdomoni.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wengi wa mtaa wetu wanapomaliza shule hupelekwa kwa fundi seremala kujifunza kazi, na wazazi hawajui waulize nini. Pili, kamati ya msikiti imo katika maandalizi ya kuagiza madawati ya madrasa pamoja na marufaa za kuwekea misahafu, na katika kuzungumza na mafundi tumepata elimu ambayo si haki ibaki ndani ya daftari la mikutano.

Useremala ni kazi yenye heshima. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala, na mimbari ya Mtume wetu (s.a.w.) pale Madina ilitengenezwa na seremala kwa mbao za miti ya Ghaba. Aidha, katika mafundisho ya kuchinja tumeamrishwa kukinoa kisu ili mnyama asiteseke. Hukumu hiyo ni ya machinjo, lakini imejengwa juu ya msingi wa kufanya kila jambo kwa ihsani, na msingi huo unaingia hadi ndani ya karakana.

Hatari ya zana butu

Watu hudhani patasi kali ndiyo inayokata vidole. Ukweli ni kinyume chake mara nyingi. Patasi kali huingia kwenye mbao kwa msukumo mdogo, na mkono unaweza kuizuia wakati wowote. Patasi butu hudai nguvu. Kijana huegemeza bega na kifua, chuma huteleza ghafla, na mkono wa pili ulioishika mbao ndio unaopokea pigo. Kwa hiyo mzazi anayemhofia mwanawe asiombe apewe zana isiyo kali. Aombe afundishwe kunoa, na afundishwe kuweka mikono yote miwili nyuma ya makali, huku mbao ikiwa imebanwa imara.

Hasara ya pili iko kwenye kazi yenyewe. Randa butu haikati nyuzi za mbao, bali huzivuta na kuzing'oa. Jambo hili huonekana zaidi katika mninga na mvule, miti ambayo mara nyingi nyuzi zake hupishana. Fundi asiyenoa hutafuta dawa kwenye msasa mzito, nao huacha mikwaruzo yake. Palipochimbika huziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Kwa macho ya haraka kazi inaonekana imepona. Vanishi ikishapakwa, mbao hunywa, lakini gundi hainywi, na pale palipozibwa hubaki doa lililopauka. Mikwaruzo nayo hujitokeza, kama mawe ya ziwani yanavyoonekana vizuri zaidi yakiwa yamelowa. Vanishi humtolea fundi ushahidi, haimfichi.

Namna ya kunoa

Kunoa hakuhitaji mashine ya gharama. Makali ya patasi na ya kisu cha randa kwa kawaida huwekwa kwenye pembe ya kati ya digrii 25 na 30. Pembe ndogo zaidi hukata vizuri lakini humeguka upesi. Pembe kubwa zaidi hudumu lakini huhitaji nguvu.

Kwanza, mgongo wa chuma, yaani ule upande ulio bapa, usuguliwe juu ya jiwe la kunolea mpaka sehemu iliyo karibu na ncha iwe sawa kabisa na ing'ae. Makali ni mahali ambapo nyuso mbili zinakutana. Uso mmoja ukiwa na makovu, makali hayatimii. Pili, upande wenye mteremko usuguliwe kwenye uso wa jiwe ulio mkavu wa chembe, yaani wenye kukwaruza, bila kuyumbisha mkono, mpaka kidole kinapopapaswa taratibu mgongoni, kutoka ndani kuelekea nje, kihisi ukingo mwembamba wa chuma uliopinda upande wa pili. Ukingo huo ni alama kwamba mteremko umefika kwenye ncha. Tatu, kazi ihamie kwenye uso laini wa jiwe, upande huu na ule, mpaka ukingo ule uondoke. Mwisho, chuma kipitishwe mara chache juu ya kipande cha ngozi kwa kukivuta nyuma, si kukisukuma mbele. Makali yajaribiwe kwa kukata karatasi au kichwa cha kipande cha paini. Yasijaribiwe kwa kidole gumba.

Asiyeweza kununua jiwe zuri achukue kipande cha kioo kinene kilicho sawa na karatasi za msasa wa maji za namba 400, 800 na 1000 au zaidi. Azilaze juu ya kioo, atie maji, kisha anoe kwa mpangilio huo wa namba. Mwenye jiwe naye alichunge: likitumika katikati tu, hufanya bonde, na jiwe lenye bonde haliwezi kutoa makali yaliyonyooka. Lisawazishwe kwa kusuguliwa juu ya msasa huohuo uliolazwa kwenye kioo.

Grenda ya umeme ina nafasi yake, nayo ni kurudisha pembe ya chuma kilichomeguka. Ikitumika kwa pupa, chuma hupata moto, ncha hugeuka rangi ya buluu, na ugumu wake huondoka. Chuma hicho kitanolewa asubuhi na kuwa butu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana fundi mwangalifu huweka kopo la maji kando ya grenda na kuchovya kila baada ya mguso mfupi.

Msumeno wa mkono nao hunolewa kwa tupa ya pembetatu, jino baada ya jino. Meno ya kuchana mbao kwa urefu hukwangua kama patasi ndogondogo. Meno ya kukata kwa upana hunolewa kwa mshazari ili yakate nyuzi kama visu.

Kila kitu na mafuta yake

Mbao ikishapigwa randa vizuri ndipo swali la kupaka linakuja, na jibu lake linategemea kile ambacho kitu kitakutana nacho. Mafundi wa majahazi katika pwani yetu walilijua hili tangu zamani. Mbao za jahazi zilizo juu ya maji walizipaka sifa, yaani mafuta ya samaki, na sehemu ya chini inayozama waliipaka deheni iliyo nzito. Chombo kilikuwa kimoja, lakini kila sehemu ilipakwa kulingana na yatakayoifika. Nasi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, wenye jua kali na mvua za vuli na masika, tuna haja ya busara hiyohiyo.

Kabla ya yote mbao iwe imekauka. Mbao mbichi ikipakwa vanishi husinyaa baadaye, maungio hulegea na vanishi hupasuka.

Vanishi ya mafuta inafaa kwa madawati, meza na vitanda, kwa kuwa hustahimili maji na kusuguliwa. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, uliochanganywa na tapentaini au thina inayolingana na vanishi hiyo, ili uzame. Kisha ipakwe mikono miwili zaidi, na kila mmoja ukikauka usuguliwe kidogo kwa msasa laini na kufutwa vumbi. Ya milango ya nje iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, kwani jua huivunja vanishi ya ndani.

Mafuta ya mbegu za kitani huingia ndani ya mbao na kuonyesha uzuri wake, ila hukauka polepole na kinga yake dhidi ya maji ni ndogo. Mafuta ya kupikia yasitumike badala yake kwenye samani: ya alizeti hukauka kwa shida na kuacha utelezi unaonata, na ya nazi hayakauki. Hapa kuna tahadhari ambayo kila nyumba iijue. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, vikikunjwa na kurundikwa, huweza kuwaka vyenyewe bila ya kiberiti. Vitandazwe nje mpaka vikauke, au viloweshwe kwenye maji.

Polishi ya shelaki, itokanayo na utomvu wa wadudu, huyeyushwa kwa spiriti. Hung'aa sana, lakini kikombe cha chai ya moto huiachia duara jeupe. Kwa kuwa wanazuoni wametofautiana kuhusu tohara ya spiriti ya namna hii, anayetaka kuipaka kwenye marufaa amuulize sheikh wake kwanza, au achague vanishi ya mafuta na kuepuka shaka.

Vyombo vya jikoni kama mwiko, kinu na mbuzi ya nazi havihitaji vanishi. Vioshwe, vikaushwe kivulini, basi.

Risasi ndani ya rangi

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tusiache makala haya yapite. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zenye manjano, nyekundu na kijani zinazowaka, zimekuwa zikitengenezwa kwa kutiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Madini haya huudhuru ubongo wa mtoto anayekua, uwezo wake wa kujifunza na mwenendo wake, na athari hizo huenda zisiondoke tena. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 tu katika kila sehemu milioni za rangi. Basi anayenunua rangi ya kitanda cha mtoto asome kopo na aulize. Kopo lisilo na maelezo wala jina la mtengenezaji libaki dukani.

Rangi ya zamani ina hatari zaidi inapoguswa vibaya. Dawati au kitanda kilichopakwa rangi miaka mingi iliyopita kisisuguliwe kikavu kwa msasa, kwa kuwa vumbi lake ndilo linaloingia mwilini. Mbao iloweshwe kwanza, watoto waondolewe, fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi, na mabaki yafutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Kwa hakika hata vumbi la mbao isiyo na rangi si la kupuuzwa, kwani tangu mwaka 1995 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani wameliweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Tunawakumbusha pia akina mama na dada zetu wanaochukua vipande vya mbao karakana kwa ajili ya kuni: vilivyopakwa rangi na vile vilivyotiwa dawa ya kuzuia mchwa visipikiwe. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Maranda ya kutandika kwenye banda la kuku nayo yawe ya mbao isiyotiwa dawa.

Tunachokipendekeza

Kamati imekubaliana kuwa madawati ya madrasa yatakuwa ya paini iliyokauka, yenye vanishi, bila rangi. Sharti tulilolitilia mkazo zaidi ni kuwa tutayakagua yakiwa matupu, kabla hayajapakwa chochote. Sharti hili halina gharama, na tunaishauri kila familia iliweke inapoagiza samani. Nenda ukakitazame kitanda kikiwa kikavu. Kitazame kwa kukiinamia, mwanga ukitokea pembeni. Mikwaruzo na mashimo yataonekana. Fundi mzuri hatakasirika, kwani chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na wewe mzazi unayempeleka kijana kujifunza, iwe kwa fundi wa mtaani au katika chuo cha VETA, usimnunulie nyundo pekee. Mnunulie jiwe la kunolea. Baada ya mwezi mmoja mwombe akuonyeshe patasi yake na akate karatasi mbele yako. Ikiikata bila kuichana, mshukuru mwalimu wake. Ikishindwa, mrudishe kwa fundi na muulize kwa adabu ni lini somo hilo litaanza.

Wabillaahi tawfiiq.