Hita ya Gari Ipimwe Shimanzi

Dereva apakiaye mizigo Shimanzi haikumbuki hita ya gari lake, maana joto la Mombasa lamtosha. Lakini afikapo Limuru usiku, penye mwinuko upatao mita 2,200, pumzi yake hugeuka ukungu juu ya kioo, asiione njia. Basi yafaa hita ipimwe kabla ya safari.

Hita hupata joto lake katika maji ya injini. Kwa hiyo fundi na atazame kwanza maji ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Yakiwa yamepungua, atafute yanakovuja, maana injini nayo imo hatarini. Yakiwa kamili, aipashe injini moto, kisha aiguse kwa hadhari mipira miwili ya hita. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, maji hayapiti: hita imeziba, au imeingia hewa. Yote ikiwa vuguvugu, yamkini themostati imekwama wazi. Yote ikiwa moto, atazame fyuzi na feni.

Kuiunganisha mipira hiyo ili maji yaikwepe hita si kutengeneza. Ni kuipeleka hatari Limuru.