FUNDI NA KAZI YAKE: Sahani ya freni, isagwe au itupwe?

Katekista mmoja alifika kwangu akilalamika juu ya pikipiki yake. Kila akamatapo freni ya mbele, usukani watetemeka, na mkono wa freni wampiga vidoleni kama mapigo ya moyo. Yeye husafiri kati ya Bukavu na Kamanyola, na mteremko wa Ngomo si mahali pa kubahatisha. Tena mara nyingi nyuma yake hukaa mkewe na mtoto mgongoni. Alisikia kwamba atelye fulani ina mashine ya kusaga vyuma, akataka sahani isawazishwe huko, maana mpya ni ya bei kali. Nikamwambia, twende pamoja.

Freni ya namna hii yajulikana tangu zamani. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa nayo mbele. Sahani ya chuma yazunguka pamoja na gurudumu, na plaketi mbili zaibana kwa nguvu ya mafuta, hata mwendo wageuka kuwa joto. Ikitetemeka, watu husema mara moja, "Sahani imepinda." Mara nyingi sivyo. Pengine masizi ya plaketi yamejipaka pasipo usawa, na hapo msasa na spiriti vyatosha. Pengine kutu imekaa kati ya sahani na kitovu cha gurudumu, au boliti moja imelegea. Fundi awashaye mashine kabla ya kutazama hayo, mwogopeni.

Fundi wetu, mzee wa maneno machache, hakuwasha kitu. Alifunga saa ya kupimia kando ya sahani, akazungusha gurudumu polepole. Sindano ilicheza kidogo mno. Basi, haikupinda. Ndipo akatwaa mikrometa, akapima unene mahali panane. Palipo nene palikuwa milimita 4.21, palipo nyembamba 4.06. Akafuta masizi kwa kidole gumba, akatuonyesha maandishi ya kiwanda yaliyochongwa chumani: unene usipungue milimita 4.

— Baba, bado imepita 4, akasema katekista. Uisage tu.

— Mwalimu, nikisawazisha pande zote mbili, itabaki 4.02. Plaketi zitakula hiyo iliyobaki, nawe utakuwa Ngomo.

Katekista akanyamaza. Fedha aliyokuwa nayo mfukoni ilitosha kusaga, haikutosha kununua.

Yafaa kueleza kwa nini mzee alikataa. Chuma kikipungua, joto halina mahali pa kukaa. Sahani yawaka upesi, mafuta ya freni yachemka, na mkono wa freni wazama bila kushika kitu. Sahani ya gari ni ya chuma cha kusubu, tena ni nene, nayo hukerezwa vizuri. Ile ya pikipiki ni nyembamba na ngumu; kisu cha kerezo chairusharusha na kuacha mawimbi. Kwa hiyo hutumika jiwe la kusagia, sahani ikishikwa kwa sumaku. Na hapo pana mtego: sahani iliyopinda hunyoshwa na sumaku, jiwe lapita juu yake vizuri kabisa, kisha ikiachiliwa hurudia upinde wake. Mwenyewe huenda nyumbani na chuma king'aacho na kilema kilekile.

Mzee hakuishia hapo. Alifungua kibano, akakuta pini zake zimekauka kwa vumbi, hata plaketi moja ilikuwa ikisugua sahani mchana kutwa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe. Kama tungalifunga sahani mpya bila kuzisafisha pini hizo, nayo ingaliharibika vilevile.

Katekista aliuza mbuzi. Jumamosi iliyofuata sahani mpya ilifungwa pamoja na plaketi mpya, boliti zikikazwa kwa kukingamana, kidogo kidogo, wala si moja mpaka mwisho. Iliosheka kwa spiriti, pasipo tone la grisi. Kisha alizoeza plaketi zake katika barabara tambarare, akishika freni kwa kiasi yapata mara 20, akiiacha ipoe katikati.

Ile sahani ya zamani aliiomba. Imetundikwa mwembeni karibu na kapela yao, na watoto wa mafundisho huigonga kwa nyundo saa ikifika.