Ozoni isichukue nafasi ya dawa ya SS

Mtoto mwenye SS, yaani drepanositozi, anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, mzazi wa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, yuko tayari kulipa chochote. Ndiyo sababu ahadi ya tiba ya gesi ya ozoni inapaswa kupimwa kwanza.

Watetezi wake wanasema ozoni inasaidia damu kupeleka oksijeni mwilini. Majaribio machache, likiwemo la Cuba, hayatoshi kuthibitisha hilo. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaihesabu kuwa gesi ya sumu isiyo na faida inayojulikana katika tiba. Ikivutwa inaumiza mapafu, na ya mgonjwa wa SS tayari yako hatarini.

Dawa yenye ushahidi ipo. Haidroksiurea walipewa watoto 606 wa Congo, Angola, Uganda na nchi ya Kenya. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2018 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kutiwa damu na vifo vilipungua.

Serikali iifikishe dawa hiyo, pamoja na vipimo vya damu vya kuifuatilia, katika vituo vya afya vya mitaa. Bila hivyo, wauza ahadi hawatakosa wateja.