Amali Bila Karakana ni Dhuluma



Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Mwanafunzi wa amali husoma masomo ya kawaida pamoja na fani, kwa ahadi kwamba atamaliza kidato cha nne akiwa na stadi inayotambulika. Ahadi hiyo ni njema, na mwambao wetu unaihitaji. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kaya isiyo na kazi nyingine ya mikono iliishi kwa nini?

Lakini ahadi hii si ngeni. Katika miaka ya 1970 ilianzishwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Waulizeni wazee waliosoma kilimo: wapo ambao kilimo kwao kilikuwa jembe la mkono, tena mara nyingine kama adhabu.

Je, kijana wa Kagunga au wa Kalya atafundishwa kufungua injini ya boti kwa kuchorewa ubaoni? Chuo cha uvuvi kipo Kibirizi, na VETA ipo mjini. Yeye yuko mbali, safari ya majini. Baba yake amevua dagaa kwa karabai tangu ujana. Atapokeaje cheti cha uvuvi kutoka kwa mwalimu asiyepata kushika wavu?

Wako pia wanaonong'ona kwamba amali ni ya wasioweza vitabu. Maneno hayo tuyakatae hadharani. Yakiachwa, watoto wa wenye nafasi watashika mkondo wa jumla hadi chuo kikuu, na watoto wa wavuvi watasukumwa katika amali isiyo na hata nyundo. Sera hiyohiyo yataka elimu ya lazima iwe miaka kumi. Anayemlazimisha mzazi kumweka mtoto darasani miaka kumi, naye amefungwa na wajibu wa kumpa mtoto huyo kitu cha kujifunza.

Kwa hiyo, bodi za shule na halmashauri za vijiji zisipige makofi kwanza. Ziulize: karakana iko wapi? Mwalimu wa fani ameajiriwa? Vifaa vimetengewa fungu gani? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, na diwani akabidhiwe nakala kabla ya kikao cha bajeti.