Pesa za tembo kijiji kinagawiwa, za makaburi ya mababu anakula nani?

Na mwandishi wa kujitegemea, Tanga

KILA kigogo akija Tanga siku hizi wimbo ni mmoja: utalii, utalii, utalii. Tunaambiwa barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, kilomita 256, ikishakamilika kwa lami, wageni watamiminika kama mvua za masika. Wananchi wanapiga makofi, ngoma inachezwa, msafara unaondoka. Hakuna mgeni rasmi hata mmoja niliyemsikia akijibu swali la mlalahoi: hizo pesa zitaingia mfuko wa nani?

Asije mpambe akasema wapinzani hawataki maendeleo. Barabara hii tumeidai kampeni baada ya kampeni. Mama mjamzito wa Mkwaja ameteseka vya kutosha, na kivuko cha Pangani kikigoma, mtu wa Bweni anauona mji kwa macho tu. Lakini lami hii imegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na deni la Serikali hulipwa na sisi na watoto wetu. Mdaiwa ana haki ya kuuliza anapata nini.

Hebu twende nayo, ndugu msomaji, tukitokea Tanga mjini. Hujakaa sawasawa kwenye kiti umefika Machui. Hapa amezaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na hapa amelazwa tangu 1962. Mimi nimesoma vitabu vyake sekondari, humu humu mkoani, mpaka nikafanyia mtihani. Hakuna mwalimu aliyetupeleka kuona kaburi lake, wakati nauli ya kwenda na kurudi haifiki bei ya daftari kubwa. Watoto wanafundishwa kwamba urithi uko Ngorongoro, kwa wenye magari.

Songa mbele kidogo, Tongoni. Hapa usipite kwa haraka. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yalijengwa na nguzo, na wataalamu wanasema hakuna mahali pengine pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kama hapa. Mji wenyewe wa zamani uliitwa Mtangata. Aprili 1498 merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwenye fungu karibu na hapa, na wenyeji wakatoka na vyombo kuwapelekea Wareno machungwa. (Ukarimu wetu kwa wawekezaji haukuanza jana.) Mwaka uliofuata Wareno walirudi, mabaharia wamekufa njiani, hawatoshi kuendesha merikebu zote, wakaichoma moto ile ile São Rafael mwambao huu huu.

Leo nguzo nyingi zimelala chini. Vile vibakuli vya kaure ya China vilivyopachikwa kwenye nguzo vimeng'olewa siku nyingi, yamebaki matundu. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta kijana muuza madafu, hana kitambulisho wala sare, lakini anajua kaburi hadi kaburi kwa mafunzo ya babu yake. Aliwaeleza wageni watatu kwa zaidi ya nusu saa kwenye jua. Walimshukuru sana, wakampiga picha, wakaondoka. Picha hiyo ndiyo yaliyokuwa mapato yake ya utalii kwa siku ile.

Sasa ndio nakuja kwenye hoja. Kwenye wanyamapori Serikali hii hii imekubali kwamba kijiji kilichotenga ardhi yake kupitia jumuiya za hifadhi kinastahili mgawo wa mapato. Mgawo unacheleweshwa, unanyofolewa, hilo ni ugomvi mwingine, lakini haki imeandikwa. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Nimeisoma, pamoja na Kiingereza chake cha mahakamani. Nimeona vibali na nimeona adhabu. Sikuona mahali panaposema kwamba kijiji kinacholinda gofu kitapata hata senti ya kiingilio. Yaani tembo akipita shambani kwangu nina cha kudai, lakini babu yangu akilala kwenye kaburi la miaka 500 sina!

Na wasituambie haiwezekani. Katikati ya miaka ya 1990 Bodi ya Utalii pamoja na shirika la Kiholanzi la SNV walianzisha utalii wa kitamaduni, na Pangani ilikuwemo. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mwongozaji ni kijana wa pale pale, na sehemu ya malipo ya mgeni inakwenda kwenye shughuli za kijiji. Wakati huo barabara ilikuwa vumbi tupu. Lililowezekana na vumbi linashindikana vipi na lami?

Pangani yenyewe ndiyo isiseme. Mwaka 1888 watu wa mji huu walikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, na vita vikawaka pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim. Upande wa Saadani alisimama Bwana Heri. Berlin ikalazimika kumtuma Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vuka mto uje Kikogwe: huko ndiko ilikopandwa miche 62 ya mkonge iliyosalimika kati ya 1,000 aliyoiagiza Hindorf kutoka Florida mwaka 1893. Mkonge wote uliotajirisha watu wa mbali ukatoka kwenye miche hiyo 62. Manamba waliokata majani yake wamezikwa huku, faida ilisafirishwa na meli.

Ndiyo maana naogopa. Ofisa mmoja, jina namhifadhia, aliniambia kwa kujiamini kwamba vijana wa pwani waondoe wasiwasi, watapata kazi za ulinzi na kufagia bustani za hoteli. Huo ndio mpango! Mkonge mwingine, safari hii wenye viti vya kulalia ufukweni.

Waulizeni watu wa Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani. Hifadhi ya Taifa ilipotangazwa mwaka 2005, ardhi yao ya pwani ikahesabiwa ndani ya mipaka, wakaingia kwenye mvutano wa miaka na miaka kutetea pale walipozaliwa. Huo ulikuwa utalii kabla ya lami. Je, lami ikija na madalali wake?

Kwa hiyo madai yetu hayahitaji semina ya siku tatu. Sheria ya 1964 ipelekwe Bungeni iandikwe humo mgawo wa kijiji au mtaa kwenye kila kiingilio, Amboni, Tongoni, Kaole, kote. Waongozaji wafundishwe kwanza kutoka Tongoni, Kigombe, Pangani na Saadani, wapewe vitambulisho, kabla kampuni za Arusha hazijaleta wa kwao. Na nguzo zilizobaki zisimamishwe kabla ya kusimamisha mabango.

Lakini kuna moja lisilongoja Bunge. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Wewe wa Ushongo, wewe wa Mkwaja, mkutano mkuu ujao usiondoke kabla hujasomewa orodha: viwanja vingapi vya ufukweni vimegawiwa, kwa nani, na mkutano upi uliridhia. Kama mwenyekiti atasema muhtasari umepotea, aandike kwamba umepotea na atie sahihi, kisha nakala iletwe chumba cha habari cha gazeti hili.